Acheni kudai kila gemu lenye mwisho mchungu liwekewe mwisho wa raha

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaficha. Tahadhari kwanza: nitataja miisho ya Final Fantasy X, Red Dead Redemption 2, Fallout 3, Mass Effect 3 na NieR: Automata. Ambaye hajamaliza aishie hapa, atarudi akimaliza.

Rafiki yangu kamaliza Final Fantasy X wiki hii. Gemu la mwaka 2001, yeye kalianza mwaka huu. Alinipigia usiku, sauti imemkauka, akanisimulia jinsi Yuna alivyokimbia kumkumbatia Tidus, kijana anayempenda, mikono ikapita kama imeshika hewa, akaanguka kifudifudi kwenye sitaha. Basi. Hakuwa na la kuongeza, tukabaki kimya kwenye simu. Kesho yake akaliandika hilo kwenye kundi letu la wachezaji, na karibu kila aliyemjibu alisema neno lile lile: usilie, cheza X-2, muendelezo wake, jamaa anarudi.

Mmemdhulumu. Mtu ana msiba moyoni, msiba mzuri kabisa ambao gemu lilimjengea kwa saa nyingi, halafu mnamwambia haukuwa na haja.

X-2 ilitoka mwaka 2003, na humo Tidus kurudi au kutorudi kunategemea umefanya nini, tena ule mwisho uliokamilika kabisa unataka asilimia 100. Fikirieni maana yake. Kwenye gemu la kwanza Tidus alipotea kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndoto, na ili Sin, lile zimwi linaloangamiza dunia yao, aondoke moja kwa moja, waliokuwa wakiiota ndoto hiyo ilibidi wapumzike. Hiyo ndiyo bei ya amani ya Spira, dunia yao, na Yuna aliilipa. Kwenye la pili, kama hajarudi ni kwa sababu wewe uliruka mazungumzo fulani au hukubonyeza kitufe wakati wake. Kifo kimegeuzwa uzembe wa mchezaji! (Ndiyo, najua zile sekunde chache baada ya majina ya watengenezaji kwenye lile la kwanza, anapoonekana akiogelea kwenda juu. Zile zinakuachia swali ulale nalo. Hazikupi orodha ya kazi za kufanya.)

Ndiyo maana ile hoja yenu ya kila siku, "kwani unalazimishwa, si uchague unaoutaka", inanichosha. Mwisho wa pili ukishawekwa, wa kwanza haubaki ulivyokuwa. Unageuka jibu lililokosewa. Hakuna atakayekaa na uchungu wake dakika tano. Ataenda moja kwa moja kutafuta amekosea wapi.

Chukueni Arthur Morgan, yule jambazi unayemchezesha. Kila mara nakutana na mtu anayelalamika kwamba Red Dead Redemption 2 ilipaswa kuwa na njia ya siri ya kumponya. Kumponya kifua kikuu, mwaka 1899! Na aliupata wapi ugonjwa ule? Kwa Thomas Downes, mgonjwa asiye na nguvu, alipokwenda kumdai mkopo na kumpiga mbele ya nyumba yake. Mimi nilishika padi. Mimi nilimpiga. Wakati ule niliona ni misheni ya kawaida, nikaendelea na safari, na saa nyingi baadaye Arthur anaanguka barabarani akikohoa ndipo ikanirudia. Wekeni dawa pale, halafu mniambie kile kipigo kinabaki na uzito gani. Mtu yule anabadilika kwa sababu siku zimemwishia. Akipewa siku nyingine za bure, basi hakuna alichokitoa kwa John, mwenzake wa genge.

Sasa msije mkanibandika kwamba natetea kila mwisho wa huzuni. Kuna mwisho mchungu na kuna mwisho uliotungwa vibaya, na nyinyi mnavichanganya kila siku.

Fallout 3 mwaka 2008 iliboronga. Unafika mwishoni, lazima mtu aingie kwenye chumba chenye mionzi ya kuua, na kando yako amesimama Fawkes, jitu unaloweza kusafiri nalo, ambaye mionzi haimdhuru. Kabla ya hapo, kwenye gemu lilo hilo, aliingia kwenye mionzi kukuchukulia kifaa. Sasa unamwomba, anakataa, eti hiyo ni hatima yako. Pale kukasirika ni haki, kwa sababu gemu lilisahau kanuni zake lenyewe. Lakini tazameni dawa waliyoleta mwaka 2009: nyongeza ya Broken Steel, ya kulipia, ambamo Fawkes sasa anakubali kuingia, na hata ukiingia mwenyewe unazinduka wiki mbili baadaye. Kosa lao, ukarabati unalipia wewe. Mkizoea kudai miisho mipya, hii ndiyo njia mnayowafungulia studio: toa gemu, uza msiba, kisha uza na faraja yake.

Mass Effect 3 ilikuwa na kosa la aina hiyo hiyo, miisho ya Machi 2012 iliyofanana mno huku rangi zikibadilika. Nyongeza ya Juni ilikuwa ya bure, ikaeleza zaidi kilichowapata watu na dunia zao, bila kuifuta gharama ya uamuzi wa Shepard, shujaa unayemchezesha. Mashabiki waliotaka raha wakatengeneza modi yao wenyewe, yaani marekebisho ya gemu yasiyo ya studio. Sina ugomvi nao hata kidogo. Kitu chako, kwenye mashine yako, na gemu lenyewe limebaki salama.

Na msiniambie nina roho ngumu. NieR: Automata ya mwaka 2017 ina mwisho wenye matumaini, na niliupenda kuliko yote, maana pale unaombwa ufute sevu zako zote, yaani kumbukumbu ya ulikofika, ili kumsaidia mchezaji mwingine usiyemjua. Nilifuta. Mikono ilikuwa inatetemeka. Tumaini lile lilinigharimu kitu cha kweli, na watengenezaji walilipanga tangu mwanzo, hawakulibandika baadaye kwa sababu watu walipiga kelele.

Rafiki yangu sasa anaipakua X-2. Nimemwomba asubiri kidogo, arudie tu ile hotuba ya Yuna ya mwishoni mwa gemu, pale mjini Luca, anapowaomba watu wasiwasahau waliopotea. Ameniuliza, "Sasa kama anarudi, ya nini?" Nyinyi mliomjibu kwenye kundi, njooni mmjibu na hilo.