Tupeane uzoefu: mgonjwa wa mapafu mnamshikiliaje aendelee na mazoezi?

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mzee wangu kafanya kazi ya kusafisha nyuzi za katani kwa brashi miaka mingi, vumbi lile, na sigara juu yake. Mapafu yameshaharibika. Hospitali walimweka kwenye mazoezi wiki 8, mara mbili kwa wiki, akapata nafuu ya kweli. Ratiba imeisha, sasa kutwa yuko kitini. Tumeambiwa akiacha, ile nafuu hupotea ndani ya mwaka hivi. Wenye wagonjwa wa namna hii mnafanyaje? Dawa za mitishamba sizitaki, leteni mbinu.

Mama wa Makorora: Mgonjwa ni mimi mwenyewe. TB ilipona, makovu yakabaki. Kinachotukimbiza wengi ni kule kuhema, mtu anaona roho inatoka. Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa kipimo cha 0 hadi 10: kuhema kukiwa 4 mpaka 6, hapo ndipo zoezi linafanya kazi. Kukizidi, naegemea ukuta, navuta hewa puani, naitoa polepole midomo nimeichongoa kama napoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kutulia kukija, naendelea.

Wa Chumbageni: Wanaowarudisha kitini ni sisi wa nyumbani na "baba pumzika" zetu. Kwa mama mkwe wangu neno mazoezi halitajwi. Alasiri mjukuu anamjia, "Bibi, twende ukaninunulie kashata." Duka la jirani wanalipita makusudi. Siku hizi bibi ndiye anayeuliza, mbona leo huji?

Raskazone asubuhi: Sisi tunatoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawaka na watu hawajaanza kuchoma taka. Kama daktari kakuandikia pampu ya kuvuta dawa kabla ya kutembea, usiiache nyumbani.

Nesi mstaafu: Wengi huachia pale ugonjwa unapopanda. Makohozi yakibadilika rangi au kifua kikiuma, hakuna zoezi, hospitali kwanza. Akishapona msimdai mwendo wa zamani, aanze na kidogo.

Mleta mada: Shukrani sana. Na masika je, njia zikijaa maji?

Mama wa Makorora: Barazani kwangu. Nakaa na kusimama bila kushika kitu, kisha nanyanyua chupa za maji za nusu lita, moja kila mkono. Redio nafungulia taarabu, nyimbo zake ndefu.