Zana ya miamala ya databesi kwa ajenti wa AI: tatu au moja, na maelezo yake yaandikweje?

fundi_kweri: Wakuu habari za jioni. Nina seva ya MCP (itifaki ya kumuunganisha ajenti na zana za nje) inampa ajenti wa AI mlango wa databesi ya Postgres ya duka la vifaa vya ujenzi, anapunguza stoku ya simenti anaandika risiti, vyote viende pamoja au visiende kabisa. Njia A ni zana tatu, anza_muamala, thibitisha na ghairi, katikati anatuma SQL mojamoja. Njia B ni zana moja, fanya_muamala, anatuma orodha nzima na seva inaweka BEGIN (kufungua muamala) na COMMIT (kuuthibitisha) yenyewe. Maelezo ya zana za A, yale anayosoma ajenti, yameshafika ukurasa mzima na bado anasahau kufunga. Nyie mnatumia ipi?

Shangazi_SQL: B. Kwenye A ajenti anafungua muamala halafu anamuuliza mtumiaji swali, mtumiaji kaenda kula, loki (kufuli za rekodi) zimeshikwa na wenzie wote wanasubiri. Taimauti ya kukata muamala uliokaa bila kazi, idle_in_transaction_session_timeout, ipo toka Postgres 9.6 lakini inakuja imezimwa, ni 0 mpaka uiwashe mwenyewe.

msee_wa_backend: Shangazi sawa, lakini kuna job inataka kusoma kwanza ndio iamue. Hapo B inakwama.

Shangazi_SQL: Haikwami mwanangu, weka sharti ndani ya UPDATE yenyewe: `SET idadi = idadi - 20 WHERE id = 7 AND idadi >= 20`. Rekodi zilizoguswa zikiwa 0 seva inafanya ROLLBACK (inarudisha yote nyuma) na kumwambia ajenti stoku haitoshi. Ila maelezo lazima yaseme hivyo, hatajua kwa kuotea.

nyuzi_joto: Mimi niko A kwa sababu ya kazi ndefu na kilichonitesa ni era 25P02. SQL moja ikifeli, Postgres inakataa kila kinachofuata mpaka ufanye ROLLBACK, sasa ajenti anaona era mpya anaanza kurekebisha SQL ambayo haina kosa lolote, anazunguka hapohapo tokeni zinaisha. Kuongeza aya kwenye maelezo ya juu hakukusaidia, kilichosaidia ni kubadilisha ujumbe wa era wenyewe: "Muamala umeharibika, ita ghairi kisha anza upya." Anausoma wakati anauhitaji. Na mkihamia MySQL msikopi maelezo, kule ALTER TABLE inakomiti kimyakimya katikati ya muamala, Postgres haifanyi hivyo.

fundi_kweri: Mkuu hiyo ya era nimeipenda. Maelezo yangu ya B sasa hivi ni "Inaendesha muamala kwenye databesi", basi.

Shangazi_SQL: Hayo hayamsaidii mtu. Jaribu hivi:

"Tumia ukitaka mabadiliko mawili au zaidi yaende pamoja. Usiandike BEGIN wala COMMIT. Kauli moja ikifeli hakuna kilichohifadhiwa. Ukipata era 40001 (miamala imegongana) au 40P01 (miamala imekwama ikisubiriana) tuma orodha yote upya, isizidi mara tatu. Era nyingine usirudie, mwambie mtumiaji."

Kusoma tu kuwe na zana yake, yenye readOnlyHint, alama ya MCP ya kusema zana inasoma tu.

msee_wa_backend: Na hiyo readOnlyHint ni kidokezo tu, haizuii kitu. Mpe user wa databesi mwenye ruhusa ya SELECT (kusoma) peke yake. Halafu mmeruka moja kubwa: COMMIT imepita, netwaki ikakatika kabla jibu halijarudi. Ajenti anadhani imefeli, anatuma tena, simenti inauzwa mara mbili.

fundi_kweri: Duh. Sasa hapo maelezo yaseme nini?

msee_wa_backend: Ombi liwe na namba yake, uiweke kwenye tebo yenye UNIQUE (haikubali namba kujirudia) ndani ya muamala huohuo. Maelezo yaseme: "Ukikosa jibu, rudia kwa namba ileile, usitengeneze mpya." Namba ikigongana seva inarudisha risiti ya kwanza badala ya era.

fundi_kweri: Poa, naenda na B, zana ya kusoma pembeni na namba ya ombi iwe lazima. nyuzi_joto, kwenye A yako taimauti umeweka sekunde ngapi?

nyuzi_joto: 30. Nayo nimeiandika kwenye jibu la anza_muamala, sio kwenye maelezo.