ETI "ARDHI ITAKUPA JOTO"! Huyu jamaa karogwa na nani?

Mgongo_Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Mods msiuhamishe huu uzi wala msiuunganishe na ule wa vifaa. Nina hasira na nataka zibaki hapa hapa.

Jina sitaji, mnamjua. Yule wa kofia pana, kisu kiunoni hata akipigwa picha sebuleni. Yule wa "pori ni mama". Nusu saa haijaisha, mgeni kauliza kwa adabu zake zote: fuko la kulalia nene ninalo, nguo nimevaa, mbona mgongo unaganda usiku? Swali la mtu mwenye akili. Jamaa akamjibu, na hapa shikeni viti: "Acha kudeka. Lala chini kwa chini, ardhi itakupa joto."

Ardhi. Itakupa. Joto.

Na mwishoni kaweka kikatuni cha moto!

Tangu dunia iumbwe ardhi haijampa mtu joto usiku. Ardhi ni mdai. Mwili una nyuzi 37, udongo uko nyuzi 10, joto litahamia upande gani? Na ukiwa umelowa ndiyo balaa, udongo mbichi unanyonya joto haraka kuliko mkavu. Fuko la kulalia haliwezi kukuokoa kwa chini, maana kinachokukinga na baridi ni hewa iliyonaswa kwenye manyoya au pamba, na ukishalilalia unaikamua yote. Juu una blanketi, chini una karatasi. Ndiyo maana mgongo unaganda, mgeni wangu, pole sana, hukudeka.

Dawa yake ni mkeka wa povu, ule mgumu usionyonya maji, wenye unene wa sentimita moja na nusu mpaka mbili. Baridi ikizidi, panga miwili, kinga ya mmoja inajumlishwa na ya mwingine. Godoro la kupuliza lililo tupu ndani usiliamini hata likiwa nene kama mkate, hewa yake inazunguka ndani na kuhamisha joto lako kwenda chini. Huna mkeka? Majani makavu. Lakini rundika mpaka magotini, kisha lilalie ulipime: likishashindiliwa na uzito wako bado libaki sentimita kumi na tano. Watu wanatandika majani ya kufunika sahani, halafu wanalaumu majani.

Hayo yote ni mistari mitano tu ya kuandika. Yeye kaandika ardhi itakupa joto. Na kikatuni cha moto! Natetemeka na wala sijalala nje.

Kigingi_Kimepinda

Nimekaa paleee nasubiri mhusika aje.

MoshiWangu

Haji. Anapewa joto na ardhi.

Mzee wa Ulindi

Mwanzisha uzi punguza mapovu, hata hayo ya mkeka. Kuna ukweli kidogo kwenye alichosema. Unachimba mfereji wa urefu wako, kina cha sentimita 20 hadi 30, unawasha moto humo kwa saa mbili au zaidi, unatawanya makaa, unafukia kwa udongo usiopungua sentimita kumi, unashindilia, unalala juu. Joto linakaa mpaka alfajiri. Kwa hiyo ardhi inatoa joto.

Mgongo_Mbichi

HAYO NI MAKAA MKUU! Makaa! Ukiweka sufuria jikoni utasema meza imepika?

Mzee wa Ulindi

Natoa elimu tu, usinirukie.

Kigingi_Kimepinda

Toa elimu yote basi. Udongo ukiwa mbichi hicho kitanda kinatoa mvuke, unalala mkavu unaamka umechemshwa kama kiazi. Sharti usubiri mvuke uishe ndipo utandike. Ukifukia kwa udongo kiduchu unatoboa fuko la kulalia na kilicho ndani yake. Na yule anayepanga mawe chini ya moto asiyaokote mtoni, yana maji ndani ya nyufa, yakipata moto yanapasuka na vipande vinaruka. Kazi ya saa nne, kuni nyingi, na asubuhi unabaki na shimo la kufukia. Mkeka wa povu una uzito wa chini ya nusu kilo.

Mgongo_Mbichi

Asante. Nusu kilo! Na mwenzetu anampa mgeni ardhi!

Bembea_Tu

Ndiyo maana sisi wa bembea, tunaolala tumening'inia kati ya miti miwili, hatuna shida na ardhi yenu. Hatugusani.

MoshiWangu

Nyie wa bembea ndio mnaganda kuliko wote, mnajikaza tu. Fuko linakamuliwa vilevile, halafu badala ya ardhi kuna upepo unapita chini ya makalio usiku kucha. Bila mfarishi wa kuning'iniza chini kwa nje, ambao haulaliwi wala haukamuliwi, mtazoa baridi kuanzia kisogoni. Na nusu yenu mnafunga kamba kavu kavu kwenye mti mpaka gome linachunika. Mkanda mpana, angalau sentimita mbili na nusu, mteremko wa nyuzi thelathini, na ulale mshazari. Mkilala wima kama ndizi mgongo unapinda, asubuhi mnasema mmelala vizuri huku mnatembea kama nge.

Bembea_Tu

Nilikuja kwa amani.

Kupe_wa_Jumatatu

Uzi huu umepoteza dira. Baridi ya mgongo ni nini mbele ya MOSHI? Nani anazungumzia moshi? Yule yule jamaa wenu si ndiye aliyesema "moshi ni manukato ya pori"?

MoshiWangu

Mwenye uwanja wake nimefika. Moshi haukufuati kwa sababu una dhambi. Umekaa pale unaziba hewa inayoingia kwenye moto, mgongoni kwako upepo unazunguka, mbele yako panabaki utupu, moshi unavutwa humo humo usoni. Ukihama unahama na kizuizi chako, unakufuata. Hatua ya maana ni kukaa pembeni ya upepo, si nyuma yake, na kuacha kuchoma kuni mbichi. Mti mbichi nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Unapika maji kwanza, chakula baadaye, macho katikati. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado limesimama au limening'inia, lile la chini limeshanyonya unyevu. Livunje: likilia *ka!* ni kavu, likipinda na kunyamaza liache. Mvua imenyesha siku tatu? Pasua gogo la unene wa kifundo, ndani ni kavu, chonga vijiti vya unene wa kidole gumba, kisha vya unene wa njiti ya kiberiti, na uwe na vingi mara mbili ya unavyodhani vinatosha. Wengi moto unawafia hapo, wanaruka kutoka nyasi kwenda gogo.

Mzee wa Ulindi

Na kiberiti mnatumia, sivyo? Aibu. Ulindi, kijiti cha kupekecha, na uwimbombo, kipande cha mti kinachopekechwa, vipo.

Kupe_wa_Jumatatu

Huyu kaanza. Funga mlango.

Mzee wa Ulindi

Mnashindwa kupekecha kwa uvivu. Miti yote miwili iwe mikavu na laini kiasi cha kuingia ukucha. Pengo la kwenye uwimbombo liwe kipande kimoja cha nane kama unakata duara, lisifike katikati kabisa. Ukipata unga wa kahawia mpauko hujakandamiza vya kutosha, unga mweusi unaoshikana ndio wenyewe. Na jasho la paji la uso lisidondoke kwenye uwimbombo, tone moja tu linarudisha kazi ya dakika kumi.

Kigingi_Kimepinda

Kwa hiyo ukifanya kila kitu sawa unapata malengelenge viganjani, kaa la ukubwa wa punje ya dengu, na kama nyasi zako zimevuta umande linazima ukiwa bado unashangilia. Kiberiti ndani ya chupa yenye mfuniko mzuri. Nimemaliza.

Mgongo_Mbichi

Wakuu mnatoka nje ya mada. Kasema ARDHI ITAKUPA JOTO.

Chini_ya_Turubai

Mkuu umeshasikika. Mimi nina la kwangu, la maji ndani ya hema. Mtu analala kwenye hema jipya, anaamka shuka limelowa, anakuja hapa kutukana hema kwamba linavuja. Halivuji! Ni pumzi yako imegonga kitambaa baridi ikarudi kuwa maji. Halafu umefunga matundu yote "kuzuia baridi". Fungua juu na chini, pande mbili zinazotazamana, hata kukiwa na baridi. Na usipige hema bondeni kabisa kando ya kijito eti pazuri kwa picha, hewa baridi inateremka usiku na kulala hapo hapo na wewe. Panda mita chache tu.

Kigingi_Kimepinda

Ongeza lile turubai la chini. Likitokeza nje ya hema hata kiganja kimoja linageuka sinia: mvua inatua juu yake, inateremka, inaingia katikati ya turubai na sakafu ya hema. Umelala juu ya bwawa ulilolijenga kwa mikono yako. Likunje liingie ndani ya ukingo pande zote.

Mgeni_Mwenyewe

Samahani wakuu, mimi ndiye niliyeuliza lile swali. Sina mkeka. Je, nikiingiza jiko dogo la mkaa ndani ya hema nipate joto?

MoshiWangu

USITHUBUTU.

Kigingi_Kimepinda

Hapana, hapana, na hapana tena. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Husikii kitu, unasinzia, huamki. Hata jiko la gesi usipikie ndani, hata mlango ukiwa wazi nusu. Rundika majani. Na chupa isiyovuja ijaze maji ya moto, ivalishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Ni hilo tu.

Mgongo_Mbichi

MNAONA? MNAONA alichokisababisha? Ukimwambia mtu ardhi itampa joto, na isipompa, anakwenda kutafuta mkaa! Kikatuni cha moto kile!

Kupe_wa_Jumatatu

Hapo mwanzisha uzi kanishinda, namuunga mkono kwa dakika moja. Dakika imeisha. Kuna mtu anajua kuchomoa kupe bila kumpaka mafuta? Jamaa wenu aliandika mafuta mazito au njiti ya moto.

Chini_ya_Turubai

Vyote viwili vibaya, kupe akikerwa anaweza kutapika ndani ya jeraha, na matapishi yake ndiyo unayoyakimbia. Kibanio chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, si tumboni, vuta moja kwa moja juu polepole bila kuzungusha. Safisha, andika tarehe. Vipele au homa ikija wiki zinazofuata, hospitali.

Bembea_Tu

Kwenye bembea kupe wachache.

MoshiWangu

Bado upo?

Choo_Mbali

Watu wazima wote hapa na hakuna aliyetaja choo. Shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua themanini au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi. Shida haiko kwenye kipimo, iko kwenye mizizi: ukifika kina cha kidole kimoja unakutana na mzizi wa unene wa mkono, na haja haisubiri mjadala. Chimba KABLA. Chimba mchana, weka alama, ufurahi. Na karatasi ubebe urudi nayo, haiozi kwa kasi mnayodhani, na wanyama wanaifukua.

Mzee wa Ulindi

Majani mapana.

Choo_Mbali

Mzee, majani usiyoyajua ndiyo yanaleta ule uzi mwingine wa upupu. Pumzika.

Kigingi_Kimepinda

Kuna jambo moja baya kuliko yote haya na sijaona mtu akilisema. Harufu ya hema la zamani. Mnajua ile ninayoisema? Kama mtoto katapika ndani na mtu akafunga zipu kwa miaka mitatu.

Chini_ya_Turubai

HIYO! Ni ule utando wa ndani unaozuia maji. Unyevu unauvunja taratibu, unaanza kunata kama gundi, ndipo unanuka. Na hutokea kwa watu wanaokunja hema bichi na kulitupa juu ya kabati.

MoshiWangu

Sabuni haiondoi?

Chini_ya_Turubai

Haiondoi, maana kinachonuka ni utando wenyewe. Unapaswa kuukwangua wote, kitambaa na spiriti, halafu upake mwingine, siku nzima, pua imefungwa. Au ununue jingine. Ukitoka safari litundike likauke mpaka mishono, kisha lihifadhi likiwa limelegea, si limekabwa kwenye mfuko wake.

Kupe_wa_Jumatatu

Langu linanuka hivyo na nimelipa jina.

Choo_Mbali

Jina gani?

Kupe_wa_Jumatatu

La yule wa kofia.

Bembea_Tu

😂😂😂 Bembea hainuki.

Njiti_Tatu

Wakuu nimechelewa, sijasoma juu. Nina swali la haraka: mgongo unaniganda usiku. Kuna mtu kaniambia nilale chini kabisa, ardhi itanipa joto. Ni kweli?