Yule jamaa wa spea leo kaniambia Hiace yangu niipeleke BUJORA

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule jamaa wa spea, simtaji, mnamjua, anayehudumia wateja huku anatafuna karanga. Nimeenda kuulizia silinda hedi ya 3L, injini ya Hiace yangu. Yangu imepasuka katikati ya vali, ufa unaingiza ukucha. Nimembebea begani aione kwa macho yake. Hata hakuigusa. Katema ganda, kasema: "Hii peleka Bujora, wakaiweke makumbusho."

BUJORA! Kwenye makumbusho ya Wasukuma! Duka zima likacheka, hadi dogo wa kufagia.

Mpya eti milioni na laki mbili, na mpaka itoke Dar. Mtumba hana, ila hedi za 2KD, hizi injini za Hiace mpya mpya, kazipanga mpaka darini kama matofali. Kwani nani aliwabeba ninyi wote kabla ya hizo 2KD? Na ruti yangu ni Kisesa, hapa hapa Mwanza! Kila siku napita jirani na hiyo hiyo Bujora, leo mtu ananielekeza njia! Gari iko juu ya mawe, marejesho ya kikoba yako palepale, na konda wangu ameshaanza kuniita mtunza makumbusho.

Fundi Macho Makavu: Hedi ya 3L haipasuki bure. Umeichemsha. Rejeta unaijaza maji ya ziwa tangu enzi za Mkapa.

Mpiga Debe Mstaafu: Bujora wenyewe hawaipokei, kule kuna ngoma za watemi. Labda ile siti ya mbele iliyonichania suruali, hiyo ina historia.

Mtoa mada: Cheka tu. Mbele za watu jamani, BUJORA!

Bwana Propela: Afadhali yako, gari ikifa unashuka unatembea. Sisi injini inazima usiku katikati ya ziwa, na kapini ka propela urefu wa kidole, hapo sokoni Mwaloni unatajiwa bei ya mbuzi.

Mama Sado: Ndiyo maana mmetupandishia dagaa? Sado siku hizi bei unaiuliza umekaa kabisa.

Bwana Propela: Mbalamwezi hiyo dada, taa hazivuti dagaa. Subiri giza.

Mama Sado: Mwezi gani huo usiozama? Wiki iliyopita ulisema upepo.

Fundi Macho Makavu: Mama Sado, wakija wa Ukerewe niwekee mbili. Wasiwe na mchanga.