Raia achorwe na magwanda ya jeshi? Mimi napinga

Wakuu wa Arusha, hili tulijadili maana linagawa wachoraji wetu hapa mjini. Mteja analeta picha ya pasipoti, anataka potreti kubwa ya sebuleni, avalishwe gwanda la sherehe, nyota begani, nishani kifuani, na jeshini hajawahi kukanyaga. Wanaotetea wanasema ni rangi tu, kalipa hela yake mpe anachotaka.

Sio rangi tu jamani. Kwenye potreti sare ndo inayoongea kabla ya sura. Mcheki Napoleon alivyochorwa na Jacques-Louis David mwaka 1812 akiwa ofisini kwake, mtu ni mtawala wa Ufaransa nzima lakini kavaa sare ya kanali wa kikosi chake cha walinzi, mshumaa umekaribia kuisha, saa inaonyesha kumi na dakika zake alfajiri, yaani unaambiwa huyu ni askari, anakesha kazini nyie mmelala. Ile ni siasa imechorwa na watu mpaka leo wanaiamini. Idi Amin naye alijijazia kifua nishani, nyingine kajipa mwenyewe, na ukiona picha yake unaanza kuhesabu medali kabla hujajiuliza kazipata wapi.

Sasa geuka kwetu. Kikwete alikuwa mwanajeshi kweli kweli, kafundisha chuo cha jeshi hapo Monduli, kastaafu 1992 akiwa Luteni Kanali, halafu akawa Rais na Amiri Jeshi Mkuu, lakini picha yake iliyokuwa imetundikwa maofisini enzi zake ilikuwa ya suti. Mimi hilo naliheshimu sana, maana linasema mamlaka yake yametoka kwenye kura, hayajatoka kwenye bunduki. Mwenye haki ya gwanda kaliweka pembeni, wewe muuza spea unalitaka la nini?

Na Agosti 2023 JWTZ waliwapa raia siku 7 wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, kwa hiyo mchoraji naye ajiulize anajiingiza kwenye nini.

Wazee waliopigana vita ya Kagera 1978 na 1979 hao ndo wachorwe na magwanda yao, tena ningekuwa na brashi ningewachora bure. Anayetetea anijibu hili: mzee kama huyo, kastaafu na ukoplo wake, akaribishwe sebuleni kwa huyo mteja akute nyota tatu za kapteni ukutani, atamwambia nini?