Kikundi cha Familia: Chanjo ya Soya Kabla ya Mvua za Machi

Shangazi: Hamjambo nyote. Mvua zimebakisha wiki tatu hivi, na tumekwisha kubaliana kwamba nusu ekari ya juu, ambayo haijawahi kupandwa soya, itapandwa soya msimu huu. Naomba tuzungumze sasa kuhusu chanjo ya mbegu, yaani unga wenye bakteria unaopakwa mbegu kabla ya kupanda, kwa sababu hasara ya mwaka jana katika shamba la chini bado inaniuma.

Kaka (Nairobi): Shangazi, niko tayari kununua chanjo wikendi hii, ya soya, ya maharagwe na ya njugu, kisha nizitume zote pamoja kwa basi.

Shangazi: Nakushukuru mwanangu, lakini tafadhali usinunue wikendi hii. Chanjo si kama mbolea, ambayo unaweza kuirundika ghalani hadi siku ya kuitumia. Ndani ya pakiti mna bakteria walio hai, na joto na jua huwaua bila pakiti kubadilika sura. Mwaka jana nilinunua Januari katika duka lililozipanga dirishani, jua la mchana likizipiga, nami nikaziweka juu ya kabati, chini ya mabati, hadi Machi. Soya ilipofikisha wiki ya sita majani yalikuwa ya manjano. Nilichimbua miche mitano kwa jembe, nikaiosha mizizi kwenye karai, na sikuona hata kinundu kimoja, yaani vile vivimbe vya mizizi ambamo bakteria huupatia mmea nitrojeni ya hewani.

Baba: Pole sana, dada. Lakini kunde na njugu zetu hatujawahi kuzichanja, na mizizi yake hujaa vinundu kila mwaka. Kwa nini soya idai gharama hii?

Binti Mkubwa: Baba, kunde na njugu hupatana na rizobia, yaani bakteria hao wa vinundu, ambao tayari wamo katika udongo wetu. Soya ni zao lililotoka Asia, na mahali ambapo haijawahi kupandwa mara nyingi hakuna bakteria wanaoifaa, isipokuwa kwa aina chache zilizozalishwa makusudi ili zipatane na rizobia wa Afrika. Kwa hiyo Kaka asinunue kabisa chanjo ya njugu. Maharagwe yako katikati: udongo una rizobia wake, ila wengi ni dhaifu, na faida ya chanjo hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Fedha ikiwa ni kidogo, mimi ningeiweka yote kwenye soya.

Mama Mdogo: Je, pakiti ya maharagwe iliyobaki kwangu haiwezi kutumika kwenye soya?

Binti Mkubwa: Haiwezi, Mama Mdogo. Kila kundi la mazao lina bakteria wake, ndiyo maana pakiti huandikwa jina la zao. Biofix, kwa mfano, iliyotokana na maabara ya Chuo Kikuu cha Nairobi na ambayo sasa hutengenezwa na kampuni ya MEA ya Nakuru, huuzwa kwa kila zao pakiti yake. Jambo lililonifurahisha ni kwamba unga ule mweusi unaowabeba bakteria umetokana na matope ya kuchujia miwa katika viwanda vya sukari, matope ambayo sisi wa huku tunayafahamu vizuri.

Kaka (Nairobi): Ninunue kiasi gani?

Shangazi: Nusu ekari inahitaji mbegu kilo 12 hivi, na kipimo ni gramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo gramu 120 zinatosha. Usisahau gundi yake.

Baba: Mimi nitaleta DAP, ile mbolea ya kupandia.

Binti Mkubwa: Baba, ukiipata TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na nitrojeni, itafaa zaidi. Soya inahitaji fosforasi ili itengeneze vinundu, lakini DAP ina nitrojeni pia, na mmea unaopewa nitrojeni nyingi hulegea kujitafutia yake. Vilevile mbolea ifunikwe kwa udongo kwanza, isigusane na mbegu iliyochanjwa. Na mbegu zenyewe zisiwe zimepakwa dawa ya kuvu, kwa maana dawa hiyo huweza kuua rizobia pia.

Shangazi: Siku ya kupanda tutafanya kazi chini ya mwembe. Mbegu zitaloweshwa kidogo kwa maji ya gundi kwenye karai, kisha tutanyunyiza unga na kugeuza taratibu mpaka kila punje iwe nyeusi. Tutachanja zile tu tunazoweza kumaliza siku hiyohiyo, na kila shimo lifukiwe mara moja. Wiki ya sita nitachimbua tena, na safari hii nataka nikikata kinundu kwa ukucha nikute wekundu ndani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi.

Mama Mdogo: Pakiti zikifika nitazihifadhi katika mtungi mkavu, nyuma ya nyumba ya jikoni, uliokaa juu ya mchanga wenye unyevu. Pale hapapati joto hata saa nane mchana.

Kaka (Nairobi): Basi nitasubiri mniambie kwamba mvua imeshika, kisha ninunue asubuhi na kuzituma kwa basi la usiku, nikimwomba utingo azibebe ndani badala ya kuzifungia kwenye buti.

Shangazi: Kabla ya kulipa, tuma hapa picha ya upande wenye jina la zao na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na muulize muuzaji akuonyeshe mahali anapozihifadhi.