Mrejesho: Timu ya chuo iliyokuwa haifungi

Wakuu, nilileta hapa tatizo la timu yetu ya chuo: mpira tunamiliki, mabao hatupati. Asanteni sana kwa ushauri wenu.

Kilichosaidia ni kuacha krosi za juu za mbali. Sasa winga anaingia hadi karibu na mstari wa goli, anarudisha pasi ya chini kwenye alama ya penalti. Mshambuliaji wa kati anavuta mabeki kwenye nguzo ya karibu ya goli, namba 8 (kiungo) anachelewa kidogo ndipo anamalizia. Mazoezini ni washambuliaji 6 kwa mabeki 4, mguso mmoja tu ndani ya 18 (eneo la penalti). Mabao yameanza kuja.

Ule ushauri wa mabeki wote wawili wa pembeni kupanda pamoja ulitufanya tufungwe kwa mashambulizi ya kushtukiza. Sasa anapanda mmoja, mwenzake anabaki. Kona bado butu.